Kumbe kalamu ndiyo iliyokuwa inajibu

Mkuu, umesema wewe ni mtu wa kuambiwa ukweli, ila rafiki yako alipokwambia unakatiza watu wakiongea, umemnunia wiki mbili. Sasa unauliza kama kosa ni lako au ni namna alivyolisema. Nikujibu kwa yaliyonikuta, maana na mimi niliwahi kujisifu hivyohivyo.

Nilikuwa naongoza watu saba kazini. Kila kikao nilikifunga kwa maneno yaleyale: "Mwenye dukuduku aseme, mimi sina kinyongo." Kimya. Nami kile kimya nikakihesabu kuwa ni maelewano, miaka mitatu mizima. Kisha dada mmoja akaacha kazi. Siku anakabidhi funguo nikamwomba aniambie bila kunificha, nilikuwa kiongozi wa namna gani. Akafikiri kidogo. "Bosi, ukishaanza kubonyezabonyeza hiyo kalamu yako, tunajua mjadala umefungwa."

Kalamu gani? Nilishafungua mdomo kubisha, nikatupa jicho chini. Ilikuwa mkononi, kidole gumba kiko juu ya kitufe.

Akaendelea. Kuna mradi ulituchelewa vibaya sana, na kumbe wanne kati yao walijua tangu wiki ya pili kwamba ratiba haitekelezeki. Mmoja alijaribu kuniambia. Nilimsikiliza huku natabasamu, kalamu ikilia tak tak, halafu nikamwuliza, "Sasa wewe unapendekeza nini?" Hakuwa na pendekezo. Akakaa, na hakuna aliyejaribu tena. Swali lile nilikuwa nalipenda, nikiliona la kiuongozi kabisa! Kumbe nilikuwa namtoza ushuru kila anayeleta habari mbaya.

Usidhani nilimshukuru. Siku tatu nilikuwa nakusanya makosa yake: alikuwa anachelewa, alikuwa mlalamishi, na kadhalika. Nyani haoni kundule. Kilichonitoa huko si busara, ni kile kidole gumba. Kingine chote ningeweza kukikana, ila kidole nilikiona mwenyewe.

Kwenye urubani kuna kisa kinachonirudia kila nikifikiria jambo hili. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu umetanda. Walikufa watu 583. Moja ilikuwa imeanza kukimbia ili ipae kabla haijapewa ruhusa. Ndani yake, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine bado haijatoka njiani. Rubani mkuu, mkufunzi mwenye heshima kubwa, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakubishiwa tena. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wasaidizi kupaza sauti, na marubani wakuu kuwasikiliza.

Tazama ukweli ulivyoingia mle ndani: kama swali, tena mara moja tu. Rafiki yako amekwambia waziwazi. Mimi ilibidi mtu aache kazi kwanza.

Kuhusu namna alivyosema, sikatai, wapo wanaotumia ukweli kama fimbo. Njia yangu ya kuwatofautisha ni kuuliza: lini, na nani alikuwepo? Aliyeona atakutajia siku na maneno yenyewe. Anayeshikilia "wewe siku zote uko hivyo" mara nyingi ana hasira zake za jambo jingine, na hapo pia si vibaya kujua ni lipi. Lakini uliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu. Ukiuliza kama wakili, utaambiwa "basi yaishe", na hutasikia kitu tena.

Lingine nililoazima ni la mwanasayansi Charles Darwin. Alieleza kwamba kila alipokutana na jambo linalopingana na hitimisho lake, aliliandika papo hapo, kwa sababu aligundua kuwa mambo ya namna hiyo humtoka kichwani haraka kuliko yale yanayomuunga mkono. Nami nikaanza daftari. Naandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, bila kuweka "ila" yangu pembeni. Kesho yake nikiyasoma, nusu ya hasira imeshapoa. Nusu nyingine haipoi, sikudanganyi.

Kwa hiyo mpigie. Usianze na kujieleza; mwombe akukumbushe siku moja tu ulipomkatiza mtu, halafu umwache amalize. (Ukimkatiza hapo, utakuwa umemjibu.)

Mwezi uliopita mmoja wa wale waliobaki aliingia ofisini akasema ana jambo kuhusu mpango wangu mpya. Nikamwambia akae, nikavuta daftari. Kabla hajasema neno, aliangalia kwanza mkono wangu.

Siku hizi natumia penseli.