Mwambie Mwanafunzi Kwamba Galileo Alikosea

Mwalimu mmoja mgeni wa fizikia ameniandikia kutoka Malindi: "Mwalimu wangu, watoto wananilalia darasani. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, nami nimewalaza wengi kabla yako.

Mwaka wangu wa pili hapa Amu, yaani Lamu, nilikuwa ubaoni nikieleza kwamba mwezi huvuta maji ya bahari. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akainua mkono. "Mwalimu, mwezi ni mmoja, mbona maji yajaa mara mbili?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia swali hilo haliji kwenye mtihani. Darasa likacheka. Hakuniuliza tena mpaka alipomaliza shule. Tukikutana forodhani akishusha samaki, hunipa shikamoo ya heshima kabisa, na heshima hiyo ndiyo inayonichoma.

Jibu nililikuta katika historia. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, pamoja na ukubwa wake wote, alikwama papo hapo. Mwaka 1632 aliandika kwamba bahari huyumba kwa sababu dunia inajizungusha huku ikilizunguka jua, kama maji yaliyopakiwa kwenye mashua. Kepler, mwanaastronomia wa Ujerumani aliyeutaja mwezi, Galileo alimwona anaota. Lakini nadharia ya Galileo ilitoa maji kujaa mara moja tu kwa siku. Mara ya pili akaitafutia visingizio vya kina na urefu wa bahari. Mvuvi wa Shela anayehesabu bamvua, yale maji makuu ya bahari, kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu angembishia. Newton ndiye aliyefungua njia mwaka 1687: mwezi huyavuta maji ya upande wake kuliko dunia, na dunia kuliko maji ya upande wa pili, yakaachwa nyuma. Bahari inavimba pande mbili, nasi, dunia ikijizungusha, tunapita kote kuwili kwa siku.

Siku hizi naanza na kosa la Galileo, fomula baadaye. Wanabishana mpaka kengele. Mkubwa wangu mmoja aliwahi kusema napoteza muda wa silabasi. Sawa, nilimaliza kabla yake.

Basi usimfiche mtoto makosa ya wakubwa. Mwambie nani alibisha, na kwa ushahidi gani. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Narudia, sema hujui.

Mwezi uliopita nilimpelekea yule kijana jibu lake, limechelewa miaka 11. Alisikiliza huku akikunja nyavu. Kisha akasema, "Haya, mbona bamvua lenyewe huja siku moja mbili baada ya mwezi mpevu?"

Nikamwambia sijui. Akanisogezea ndoo nikae.