Kompyuta Ikinuna, Mchekeshe Mteja Kwanza

Kwa yeyote anayehudumia watu kwenye saiba au duka la kompyuta hapa Kisumu: skrini ya bluu ikitokea, ile ambayo Windows huonyesha inapokwama kabisa, mchekeshe mteja kabla hujagusa kitu. Mtu akishikwa na hofu hukimbilia kitufe cha kuzima, na akikibonyeza, msimbo wa hitilafu ambao fundi anauhitaji unatoweka.

Msimu mmoja wa mvua ndefu, mwalimu alikuwa akichapa mtihani wa kidato cha tatu. Skrini ikageuka bluu ghafla, na ule uso wa huzuni, nukta mbili na mabano, ukamkodolea macho. Kidole chake tayari kilikuwa kwenye kitufe. "Mwalimu," nikamwambia, "leo ni mtihani uliokununia wewe." Akacheka, mkono ukarudi mezani. Asilimia za kukusanya taarifa za hitilafu zilikuwa zinapanda polepole, nami nikapiga picha kwa simu kabla mashine haijajiwasha upya: MEMORY_MANAGEMENT. Hapo nikajua pa kuanzia. Nilizima, nikachomoa waya wa stima, nikatoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, nikasugua ile sehemu ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha nikaipachika hadi vishikizo vikalia ta! Mtihani ulipatikana, isipokuwa maswali ya mwisho ambayo hayakuwa yamehifadhiwa.

Wakubwa wa fani hii nao hucheka. Wahandisi wa Amiga, kompyuta iliyotoka 1985, waliupa ujumbe wao wa hitilafu jina la "Guru Meditation", yaani tafakuri ya guru. Lakini kicheko ninachokipenda zaidi ni cha Chicago, Aprili 1998. Windows 98 ilikuwa ikionyeshwa hadharani, Bill Gates yuko jukwaani. Mwenzake akachomeka skana, skrini ikawa bluu mbele ya umati. Ukumbi ukaangua kicheko, naye Gates akasema bila shaka ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Watu wangali wanasimulia kisa hicho, na hawasahau kuitaja ile skana. Basi mteja akishatulia, muulize: ni kitu gani kilichomekwa mwisho? Flashi? Printa? Kitoe, uwashe tena.

Ila usimcheke mtu. "Umefanya nini tena?" ni maneno mabaya, na mara nyingi si ya haki. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na waliokuwa mbele ya skrini hizo hawakuwa wamekosea lolote. Mama aliyekuja kujaza fomu ya mwanawe ya chuo, saa za mwisho kabla ya kufungwa, mpe kiti na umwambie ukweli kwanza, utani utafuata.

Tangu 2025, Windows 11 imeanza kutumia skrini nyeusi, na ule uso umeondolewa. Kuchekesha kumebaki kazi yetu sisi. Msimbo bado unaandikwa, wakati mwingine pamoja na jina la draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyoleta matata, kwa hiyo weka simu karibu: skrini hiyo hupita upesi.