Kurasa zinahesabiwa mara mbili: je, niongeze huduma ya pili ya takwimu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tovuti yetu tumeijenga kwa Next.js, fremuweki (mfumo wa kujengea tovuti) inayotumia React. Nilibandika msimbo wa Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za tovuti, kwenye layout ya juu ili uwemo katika kurasa zote. Baadaye nikasoma kwamba tovuti za aina hii hazihesabu ukurasa wa pili na kuendelea, nikaongeza kijenzi (kipande cha msimbo) kinachotuma page_view, yaani taarifa kwamba ukurasa umetazamwa, kila anwani inapobadilika. Tangu hapo idadi ya kurasa zilizotazamwa imekaribia kuwa mara mbili, na baadhi ya vichwa vya kurasa havilingani na anwani zake. Fundi tuliyemwomba msaada anasema tuongeze na Matomo, huduma nyingine ya takwimu, kisha tuwe tunachukua wastani wa namba za pande zote mbili. Tufuate ushauri huo?

JIBU: Marahaba. Msiufuate. Nitakueleza sababu, ila kwanza tumalize tatizo lako, maana limejieleza lenyewe: umeweka wahesabuji watatu mlangoni.

Wa kwanza ni amri ya gtag('config') iliyomo kwenye msimbo ulioubandika. Ikisomwa tu, inatuma page_view moja. Wa pili ni Google Analytics yenyewe. Toleo la 4, lililotoka Oktoba 2020, lina vipimo vya ziada (Enhanced measurement) vinavyowashwa tangu siku ya kwanza, na ndani yake kuna kipengele kinachosikiliza historia ya kivinjari. Ruta ya Next.js, yaani sehemu inayobadilisha kurasa, inapoita pushState (amri ya kivinjari ya kubadilisha anwani) kumpeleka mtu ukurasa mwingine bila kupakia upya, kipengele hicho kinatuma page_view bila wewe kuandika chochote. Wa tatu ni kijenzi chako.

Sasa fuata safari ya mgeni mmoja. Anafungua ukurasa wa kwanza: config inatuma moja, kijenzi kinatuma moja. Anabofya kiungo: historia inatuma moja, kijenzi kinatuma moja. Kila hatua mbili. Ndiyo maana ongezeko lako limekaribia maradufu kamili. Wasomaji wapya wa kweli hawaji kwa mpangilio wa namna hiyo.

Ulichosoma hakikuwa uongo, kilipitwa na wakati. Universal Analytics, toleo lililotangulia la Google Analytics, iliona ukurasa pale tu ulipopakiwa. Ruta ilipobadilisha kurasa ndani kwa ndani haikuona kitu, kwa hiyo ilibidi tutume page_view kwa mkono, na sisi wenyewe tuliandika maelezo mengi ya kufundisha hivyo. Huduma ile iliacha kuchakata data mpya tarehe 1 Julai 2023, lakini maelezo yake bado yamezagaa, na watu wanayanakili bila kuuliza ni ya toleo gani. Ukiona mfano ambao kitambulisho chake kinaanza na UA-, achana nao. Vya sasa vinaanza na G-.

Vichwa kutolingana nako kunatoka hapo hapo. Mara nyingi historia ya kivinjari inabadilika kabla fremuweki haijaandika kichwa kipya, hivyo page_view inaondoka na anwani ya ukurasa anaokwenda mgeni pamoja na kichwa cha ukurasa aliotoka.

Kama vichwa havina uzito kwenu, futa kijenzi chako na uache hao wawili wa mwanzo; watatosha. Kama mnavitumia kwenye ripoti, na nadhani mnavitumia maana umeviona, basi abaki mhesabuji mmoja tu, naye awe wako. Andika send_page_view: false ndani ya config, kisha ingia kwenye mipangilio ya mkondo wa data katika akaunti ya Google Analytics, ukazime kile kipengele cha historia. Hapo kwenye hatua ya pili ndipo wengi wanapoangukia. Wanadhani ile false imezima kila kitu, kumbe imemzima mhesabuji wa kwanza peke yake. Halafu kijenzi chako kingoje kichwa kibadilike ndipo kitume page_location (anwani), page_title (kichwa) na page_referrer (anwani aliyotoka mgeni). Hiyo ya tatu itunze mwenyewe, kwa sababu document.referrer, kumbukumbu ya kivinjari ya mgeni alikotoka, haibadiliki anapotembea ndani ya tovuti. Usipoitaja anwani aliyotoka mgeni, kila hatua itaonekana kana kwamba ametokea nje. Na kama anwani zenu zinabeba vigezo vya utafutaji (vipande vinavyofuata alama ya ?), kijenzi kisikilize njia pekee. La sivyo, kila herufi mtu anayoiandika kwenye kisanduku cha kutafutia inaweza kuhesabiwa kuwa ukurasa mpya.

Upimaji ufanye kwenye toleo lililojengwa kwa ajili ya watumiaji. Ukiwa kwenye hali ya uendelezaji, StrictMode (hali ya ukaguzi) ya React, kuanzia toleo la 18, huendesha useEffect, yaani msimbo unaoendeshwa kijenzi kinapoonekana, mara mbili kwa makusudi ili kufichua makosa, na nimeona watu wakiandika msimbo wa ajabu kuzuia jambo ambalo halipo kwenye tovuti iliyo hewani.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Katika kila kazi ya namna hii ninayoitiwa, nakutana na imani ile ile: namba zinaonekana kwenye dashibodi, kwa hiyo kipimo kinafanya kazi. Dashibodi haijui kama ulichotuma ni kweli. Inapokea maombi na kuyajumlisha. Ukituma mara mbili, itajumlisha mara mbili na kukuchorea mstari unaopanda vizuri. Niliwahi kukaa na timu iliyokuwa imeshapanga bajeti kwa kutegemea ongezeko la wasomaji, na ongezeko lote lilitokana na mtu kuweka tagi (msimbo wa takwimu) ndani ya Google Tag Manager, zana ya kusimamia tagi, huku nyingine ileile ikibaki kwenye msimbo wa tovuti. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyefungua kivinjari kuhesabu, basi.

Kuhesabu kwenyewe hakuchukui dakika kumi. Fungua zana za kivinjari, nenda kwenye kichupo cha Network, chuja kwa neno collect, kisha tembea kwenye tovuti yako kama mgeni. Kila ombi linalokwenda Google Analytics lina vipande vinavyosomeka: en ni jina la tukio, dl ni anwani, dt ni kichwa. Soma na mwili wa ombi pia, kwa sababu matukio kadhaa huweza kufungwa pamoja yakasafiri kama ombi moja. Kwa Matomo chuja matomo.php, uangalie url na action_name. Huo ndio ushahidi. Ripoti ya wakati halisi inakuambia kwamba kitu kimefika. Haikuambii kama kimefika idadi ya mara iliyopaswa.

Hapo ndipo ushauri wa fundi wenu unaponikera, nami nausema hivi waziwazi kwa kuwa nausikia mara kwa mara. Wastani wa kipimo kibovu na kipimo kizima ni kipimo kibovu. Tena hata vyote viwili vingekuwa vizima, havipimi kitu kimoja. Matomo, kwa mipangilio yake ya kawaida, huanzisha ziara mpya saa sita ya usiku inapopita au mgeni anaporudi kupitia kampeni tofauti. Google Analytics 4 haianzishi kipindi kipya kwa sababu ya kampeni kubadilika. Msomaji mmoja, usiku mmoja, hesabu mbili, na zote sahihi kwa kanuni zake. Kuchukua wastani hapo ni kama kujumlisha kilo na mita ukagawa kwa mbili. Matomo ni programu nzuri. Imekuwepo tangu 2007, zamani ikiitwa Piwik, na kwa anayetaka data ikae kwenye seva yake mwenyewe ningeipendekeza bila kusita. Lakini chagueni moja kwa sababu mnaihitaji. Msiifunge kama bandeji.

Wala msidhani huduma ya pili itawaonyesha wale ambao ya kwanza haiwaoni. Vizuia matangazo vinazitambua zote mbili, na anayezuia moja kwa kawaida amezuia na nyingine. Kuna kundi la wageni ambalo msimbo wa kivinjari hautalihesabu kamwe. Kivinjari cha Safari kinachukua kidakuzi (alama ndogo ya kumtambua mgeni) kilichoandikwa na JavaScript na kukipa siku 7 tu za kuishi, hata kama kidakuzi cha _ga cha Google Analytics kiliomba miaka 2, kwa hiyo msomaji anayerudi baada ya siku kumi anaonekana mgeni mpya. Kwa sababu hizo namba za tovuti ni za kulinganisha wiki na wiki kwa kipimo kilekile. Anayekuahidi hesabu kamili ya kila mtu anakuuzia kisichokuwepo.

Na hao wauzaji ni wengi. Kuna wanaotangaza kifurushi cha mstari mmoja, ukisakinisha umemaliza. Kuna wanaokuletea skripti yao wenyewe ya kurekebisha namba. Watu wanaipokea kama mapambo madogo ya pembeni, wakati skripti yoyote unayoiingiza kwenye ukurasa ina uwezo uleule wa msimbo uliouandika wewe. Inaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye fomu, nenosiri likiwemo. Inaweza kubadilisha viungo. Inaweza kupakia skripti nyingine usiyoijua. Na mwenye nayo anaweza kubadilika ukiwa umelala. Mwaka 2024 kikoa cha polyfill.io, kilichotoa skripti za kusaidia vivinjari vya zamani na ambacho tovuti nyingi zilikuwa zimekiamini kwa miaka, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine, na ilipofika Juni kikawa kinawapelekea wageni msimbo hasidi. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zinapakia skripti kutoka huko. Wenye tovuti hawakuwa wamegusa chochote. Mstari waliouweka zamani ulikuwa uleule.

Kwa hiyo mtu akikuletea msimbo wa takwimu, muulize unatoka kikoa gani, nani anakimiliki, unatuma nini na wapi. Andikeni sera ya usalama ya maudhui (Content-Security-Policy, orodha ya vikoa vinavyoruhusiwa) kwenye seva yenu inayotaja vikoa hivyo kwa jina, kwenye script-src (skripti zinakotoka) na pia kwenye connect-src (maombi yanakokwenda), maana ukisahau ya pili skripti itapakia lakini maombi yake yatazuiwa, na asiyefungua konsoli hataona kosa. Ninachokikuta mara nyingi ni kwamba fundi ameona kosa kwenye konsoli, akaweka nyota ya kuruhusu vikoa vyote, kosa likaondoka, akalipwa. Hiyo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo ulikuwa mgumu.

Kuna na jambo ambalo halitaonekana kwenye dashibodi hadi liwe limeshaleta madhara. Anwani kamili ya ukurasa ndiyo inayotumwa. Kama kiungo chenu cha kubadilisha nenosiri kinabeba tokeni (ufunguo wa siri) ndani ya anwani, tokeni hiyo inakwenda kwa mtu wa nje. Kama fomu yenu inaweka barua pepe kwenye vigezo, barua pepe za wasomaji wenu zinaweza kwenda, na Google yenyewe inakataza kutumiwa taarifa zinazomtambulisha mtu. Safisha anwani kabla ya kuituma: taja vigezo vichache unavyovihitaji, vingine vyote vitupe. Na kama mnaomba ridhaa ya mgeni kabla ya kuweka vidakuzi, amri ya gtag('consent', 'default') lazima isomwe kabla ya config. Nimeona tovuti zenye kibango kizuri cha ridhaa huku data ikiwa imeshaondoka kabla mtu hajabofya chochote.

Msimamo wangu haubadiliki mtu akitumia fremuweki nyingine kama Django au Laravel. Huko kwa kawaida kila ukurasa unapakiwa upya na suala la historia halimsumbui, ila mtu huweka msimbo kwenye kiolezo mama kisha mwenzake akauweka tena kwenye kiolezo cha kichwa cha ukurasa, na hesabu ikawa maradufu kwa njia nyingine. Kuhesabu maombi kwenye kivinjari kunalifichua hilo kwa namna ileile.

Kuhusu namba zenu za nyuma, hazirekebishiki. Wala msizigawe kwa mbili, kwa sababu hamjui kijenzi kilikosa wapi na kilizidisha wapi. Andikeni tarehe mliyoongeza kijenzi na tarehe mtakayomaliza marekebisho, na kipindi cha katikati msikilinganishe na kingine chochote.

Ukishamaliza, fungua dirisha la faragha, pita kurasa tano, uhesabu page_view kwenye kichupo cha Network. Zikiwa tano, na kila dt inalingana na dl yake, chapisheni. Zikizidi au zikipungua, niandikie tena ukiambatisha orodha ya maombi yenyewe. Picha ya dashibodi haitanisaidia.