Kwa wanaoanza kusoma vioo vya rangi makanisani

Ninawaomba kwanza muiweke kando orodha ya alama. Nilianza kwa kukariri kwamba funguo ni za Petro, njiwa ni Roho Mtakatifu na simba ni Marko. Kisha nikasimama mbele ya simba aliyelala miguuni pa mzee mwenye kitabu, nikasema kwa uhakika kuwa ni Marko, kumbe mzee yule alikuwa Jeromi, mtakatifu aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini. Simba wa Marko ana mabawa, na wale waliomzunguka kijana shimoni ni wa Danieli. Alama hueleweka kwa kutazama imewekwa pamoja na nani, na mahali gani dirishani.

Madirisha mengi ya zama za kati husomwa kuanzia chini. Katika kanisa kuu la Chartres, nchini Ufaransa, lipo dirisha la Msamaria Mwema la mwanzoni mwa karne ya 13. Chini kabisa wapo washona viatu wakiwa kazini. Juu yao yule msafiri anavamiwa, anavuliwa nguo na kuachwa kando ya njia. Kisha, bila maelezo yoyote, wanatokea Adamu na Hawa. Mgeni hudhani kwamba hadithi moja imekwisha na nyingine imeanza, ilhali kwa Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Ukristo wa karne za mwanzo, mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu ni Adamu aliyefukuzwa bustanini, majeraha yake ni dhambi, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa. Kwangu hakuna somo bora zaidi la kuanzia.

Humo humo Chartres, upande wa kusini, Wainjili wanne, yaani waandishi wa Injili, wamebebwa mabegani na manabii: Mathayo na Isaya, Luka na Yeremia, Yohana na Ezekieli, Marko na Danieli. Wainjili ni wadogo kuliko wanaowabeba, lakini kwa kuwa wako juu wanaona mbali zaidi. Ndivyo Agano Jipya lilivyosimama juu ya la Kale.

Mkimtafuta Kristo kati ya watu wengi, angalieni duara la nuru kichwani: lake lina msalaba ndani.

Chukueni darubini, na mchunguze kila kipande cha kioo kilichozungushiwa ukanda wa madini ya risasi. Uso ambao mistari yake ni mikali kuliko ya jirani zake huenda uliwekwa karne nyingi baadaye na mafundi wa ukarabati, kwa hiyo msijenge tafsiri nzima juu yake.