Visubi kwenye bromelia: nitajuaje kama ni spishi mpya?

Swali: Natunza bustani hapa Entebbe. Kwenye maji yanayotuama katikati ya majani ya bromelia, ile mimea ya mapambo ya jamii ya nanasi, nimekuta vijiminyoo vyekundu, na visubi wanatoka humo. Sijawaona katika orodha yoyote ya wadudu wa Uganda. Je, nimegundua spishi mpya?

Jibu: Ndugu msomaji, inawezekana, na nimefurahi kwamba uliinama ukatazama. Ila kabla ya kuwaza jina, anza na mmea wenyewe. Asili ya bromelia ni bara la Amerika. Ni spishi moja tu inayoota porini Afrika, kule Guinea. Hizo zako zililetwa. Kwa hiyo kisubi wako ama ni mwenyeji aliyehamia makao mapya, ama ni mgeni aliyesafiri na mmea, na huyo huenda alishapewa jina zamani huko Brazil. Orodha ya Uganda peke yake haitoshi. Chungulia pia maji kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi hapo jirani. Ukimkuta humo, yaelekea ni mwenyeji.

Wekundu huo ni himoglobini, inayowawezesha kuishi kwenye maji yenye oksijeni haba. Wakiwa na vimiguu vifupi viwili karibu na kichwa na viwili mkiani, basi ni Chironomidae, visubi wasiouma.

Sasa kazi yenyewe. Ushahidi wenye uzito ni gamba la buu, gamba la pupa (hatua kati ya buu na mdudu mzima) na mdudu mzima mwenyewe, vyote vya kisubi mmoja yuleyule. Nyonya maji kwa bomba la sindano, weka kila buu peke yake kwenye kichupa chenye maji ya mmea huohuo na mashapo yake kidogo, ziba kwa pamba. Akishaota mabawa, mwache hadi kesho yake akolee rangi, ndipo umtie kwenye alkoholi kali pamoja na magamba aliyojivua. Lebo iandike kwa penseli, maana wino wa aina nyingi huyeyuka humo.

Wataalamu watachunguza kwa hadubini viungo vya uzazi vya dume. Hapo ndipo spishi nyingi hutofautiana. DNA husaidia, lakini kukosa mfano wake kwenye hifadhidata si ushahidi: visubi wengi wa Afrika wenye majina DNA yao haijapimwa bado.

Ukipata madume kadhaa, wapeleke kwa wanazoolojia wa Makerere. Sampuli zikihitaji kuvuka mpaka, ulizia kwanza vibali kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Jina jipya huhesabika pale tu maelezo yanapochapishwa na sampuli moja au zaidi kuteuliwa kuwa kielelezo cha spishi hiyo.