Mwaka niliofuta moto wa kambi

Juzi nimepata ujumbe wa kiongozi mmoja kijana wa skauti. Hakuzunguka: "Kiongozi, kundi linanifia mikononi. Tulianza mwaka tukiwa thelathini na sita, sasa wanakuja tisa, na hao tisa wanaangalia saa. Nifanyeje?"

Nimeusoma mara tatu. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno, ila wakati wangu sikuwa na wa kumwandikia. Kwa hiyo mdogo wangu, kaa nikusimulie, na wengine mnaoongoza vijana mnisikilize vilevile, maana najua sote tunataka kitu kimoja: kundi ambalo mtoto akikua anarudi kulisaidia.

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Saba ya mwanzo nilifuata niliyoyakuta. Februari 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1857, tulikesha kwenye moto wa kambi. Agosti 1 tuliamka kabla ya jua na kurudia ahadi ya skauti tukiwa na skafu shingoni, kwa sababu kambi ya kwanza kabisa, ile ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ilifunguliwa siku hiyo kwa mlio wa pembe la tandala. Sisi hatukuwa na pembe. Tulikuwa na filimbi na kijana mmoja mwenye mapafu. Oktoba tulikuwa tukiongea na maskauti wa nchi nyingine kwa redio na intaneti, kisha likizo ndefu tunakwenda kambi kuu.

Lakini jambo lililokuwa letu wenyewe ni njia ya ahadi. Mwanafunzi anayeapishwa aliamshwa alfajiri, akapewa tochi, akaachwa afuate alama peke yake: mshale wa mawe, nyasi zilizofungwa fundo, vijiti viwili vilivyopishana kumwambia asipite huku. Sisi viongozi tulijificha vichakani tukimwangalia, yeye hajui. Mwishoni alikuta duara lenye nukta katikati. Kwa skauti alama hiyo maana yake ni "nimekwenda nyumbani", na ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, Kenya, alikozikwa mwaka 1941. Hapo patroli yake, kile kikundi kidogo cha wenzake ndani ya kundi, imesimama kimya inamsubiri. Anatoa ahadi, na skafu anavishwa na yule aliyeapishwa mwisho kabla yake, si kiongozi. Nimeona mtoto wa miaka kumi na moja akimvisha mwenzake huku vidole vinatetemeka hadi pete ya skafu ikaanguka kwenye umande, wote wawili wakapiga magoti kuitafuta gizani.

Mwaka wa nane tukashindwa mashindano. Tulikuwa wa pili, kwa pointi chache, kwenye huduma ya kwanza na ujenzi wa miti na kamba. Niliumia kuliko watoto. Nikakaa na kalamu nikapanga mwaka mpya wa mazoezi matupu. Moto wa Februari nikaufuta, eti tunapoteza usiku mzima kuimba. Njia ya ahadi nikaifuta pia. Vijana kumi na wanne niliwaapisha pamoja ukumbini Jumamosi mchana, dakika ishirini, nikawarudisha kwenye mafundo ya kamba.

Msaidizi wangu alinivuta pembeni, akaniambia, "Kaka, hawa hawaji kwa ajili ya mafundo." Nikamjibu kwa sauti, mbele ya watoto, kwamba anayetaka nyimbo aende kwaya. Hakujibu kitu. Mwezi uliofuata aliondoka na vijana kumi na mmoja, akaanzisha kundi lake. Tukikutana leo ananipa mkono wa kushoto kama skauti anavyopaswa, anauliza habari za nyumbani, basi. Bado inaniuma, sitawadanganya.

Mashindano tulishinda. Kombe tunalo, tunawekea vigingi vya hema.

Kambi ya mwaka ule tulikwenda kumi na wawili. Mvua ilinyesha tangu mchana, kuni zote zimelowa, na mimi sikupanga moto wowote zaidi ya ule wa kupikia. Binti mmoja, kiongozi wa patroli, hakuniomba ruhusa. Alichukua matawi makavu yaliyokuwa bado yameshikilia mtini, akayapasua, akachonga mti mkavu wa ndani, kisu kikitoa nyuzi nyembamba kama nywele, wenzake wamemshikia turubai kichwani. Kiberiti cha tatu kikakubali. Wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mdogo kuliko wote akaniuliza, "Kiongozi, mbona mwaka huu wote hatukufanya hivi?" Nilijifanya nakaza kamba ya hema.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Panga tarehe zako Januari, uzibandike ukutani, na usiziguse. Februari 22 haihamishwi kwa sababu una mashindano. Agosti 1 haihamishwi kwa sababu umechoka. Nasema tena: usiziguse. Mtoto anasahau fundo ulilomfundisha, ila anakumbuka kwamba kila mwaka, siku fulani, kuna jambo linamsubiri yeye. Na waachie patroli zifanye. Moto uwe wao, njia waitandike wao, wewe ujifiche kichakani.

Halafu ninyi viongozi mnaohesabu beji kama mfanyabiashara anavyohesabu magunia, mniwie radhi, nanyi nawasema. Nilikuwa mmoja wenu. Mkiambiwa na wasaidizi wenu mnakasirika, mnasema hawaelewi. Wanaelewa. Waombeni radhi wasaidizi wenu mapema, kabla hawajajua njia ya mlangoni. Mimi nilichelewa miezi minne, na barua niliyomwandikia wangu ilikuwa na maelezo mengi kuliko samahani.

Kijana nilimjibu hivi: usingoje mwaka uishe, usingoje wale ishirini na saba warudi. Jumamosi hii waamshe tisa ulionao, watandikie njia, warudie ahadi upya mmoja mmoja, wewe uwe wa kwanza kuipita.

Jana usiku ameniuliza kitu kimoja tu: lile duara la mwisho achore kwa chokaa au apange mawe?

Mawe, nimemwambia. Alfajiri kuna umande.