Ukiona mfupa wa jiwe ukingoni mwa Sabaki, usiuoshe

Maji ya masika yalipoanza kupungua mwaka uliopita, mpwa wangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Kitu cha kahawia, urefu wa kiganja, kimelala mkononi mwake na vidole vimejaa tope. Chini ameandika: "Mjomba, mfupa wa dinosauri huu!" Nilimpigia simu kabla hata sijaikuza ile picha. Sikumuuliza ni kitu gani. Nilimuuliza, "Uko pale pale ulipokiokota?" Akasema yupo, ukingoni mwa mto Sabaki, juu kidogo ya pale wanapochota mchanga. Nikamwambia, "Basi kirudishe chini kilivyokuwa. Usikioshe, usiondoke. Naja."

Alidhani namkaripia, na haikuwa hivyo. Nilikuwa nakumbuka hasara yangu mwenyewe.

Miaka kama kumi na miwili nyuma, katika kazi yangu ya kutembeza wageni, niliona mfupa mzito umechomoza kwenye ukingo uliomegwa na mafuriko. Nikauvuta. Ukakatika vipande viwili mkononi mwangu. Nikavibeba hadi nyumbani, nikavisugua kwa brashi ya nguo na sabuni ya unga mpaka vikang'aa, nikaviunga kwa gundi, nikauweka mfupa juu ya kabati sebuleni. Niliupenda sana mfupa ule. Baada ya miaka mitatu nikampata mgeni ambaye kazi yake ni mifupa ya kale, nikamwonyesha kwa fahari. Aliugeuza polepole, akaniuliza maswali mawili tu: ulitoka kwenye tabaka lipi la udongo, na karibu yake kulikuwa na nini? Sikuwa na jibu. Ule ukingo wenyewe ulikwisha kuchukuliwa na maji zamani. Akaniambia kwa upole kwamba ni mfupa wa mguu wa mnyama mkubwa, pengine kiboko, lakini umri wake hakuna tena wa kuusema. Niliupeleka makumbusho baadaye, nao ukaandikiwa karatasi yenye neno moja tu la mahali: Sabaki. Mto mzima.

Ndiyo maana nasema, kazi ya kukitambua kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini, huanza kabla hujakigusa. Nusu ya jina lake imo kwenye udongo uliokishika.

Kwanza ujue mto wako umepita wapi. Maji ya Sabaki yanaanza bara kwa jina la Athi, yakikutana na mto Tsavo yanaitwa Galana, na yakitukaribia sisi watu wa pwani ndiyo Sabaki. Njiani yanakata miamba ya aina nyingi. Ile migumu ya kwenye maporomoko ya Lugard ilipikwa na joto na kugandamizwa chini ya ardhi, humo usitazamie kupata kisukuku. Ukishuka unafika kwenye mawe ya mchanga ya Duruma, na haya ni habari nyingine. Katika jamii hii ya mawe kuna magogo yaliyogeuka jiwe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Kule Mariakani, katika jamii hiyo hiyo, alipatikana mtambaazi wa kale aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1977 na kupewa jina la Kenyasaurus mariakaniensis, yaani jina la nchi na la mji ule wa barabarani ambao wengi wetu tunaupita tu tukienda Nairobi. Baada ya hapo mto unakuta mchanga mwekundu wa Magarini, ule ule unaouona umechongwa na mvua kule Marafa, Nyari. Mwisho, pwani kabisa, ni mwamba wa matumbawe.

Kwa hiyo kitu ulichokiona kwenye changarawe katikati ya mto huenda kimesafiri kilomita nyingi. Tazama pembe zake. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima, kimebingirika sana. Zikiwa bado kali, kimeanguka karibu, basi inua macho utazame ukingo ulio juu yako kabla ya kuendelea kukodolea macho miguuni.

Jicho nalo lazima lifundishwe, na shule yake iko nyumbani. Tafuta ukuta wa mawe ya timbo, yale ya matumbawe yanayochimbwa pwani, ambao haujapigwa plasta, nao Malindi umejaa kila mtaa. Sogea karibu asubuhi, jua likiwa la ubavuni. Utaona duara lenye vitundu vidogo vya umbo la nyota, vimepangana bila kukosea. Utaona mistari inayozunguka na kujikunja kama ubongo. Utaona kombe lililokatwa nusu na msumeno, kuta zake mbili bado zimekaa sawa. Hayo ni matumbawe na makombe yaliyoishi takribani miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu ya hapa ilipo leo kwa mita kadhaa. Tunalala ndani ya visukuku, na wengi wetu tumezeeka bila kuvitazama. Mimi huwapa watoto kioo cha kukuzia na kuwaacha na ukuta kwa nusu saa. Wakirudi mtoni hawadanganyiki ovyo.

Wanachojifunza pale ni kutafuta mpangilio. Kiumbe hai hujenga mwili wake kwa utaratibu unaojirudia: nyota kwa nyota, pete kwa pete, upande wa kulia kufanana na wa kushoto. Jiwe linaweza kuwa na umbo la mfupa, la yai, la mguu, la chochote moyo wako unachotaka kukiona, lakini likivunjika ndani ni jiwe tupu. Yale mawe ya mviringo wanayoniletea kama mayai karibu yote ni madini yaliyojikusanya na kuganda ardhini. Ile michoro myeusi ya matawi madogo madogo kwenye mpasuko wa jiwe, mizuri kama mwani uliobanwa kitabuni, ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji. Hapakuwa na mmea hapo.

Mfupa utaujua kwenye mahali palipovunjika. Nje pana ganda gumu lililoshikamana, ndani pana vitundu vitundu. Hapa sihitaji mfano wa mbali: ni kama mkate wa kumimina ulioukata kwa kisu. Vitundu hivyo vikiwa vimejaa madini, mfupa unakuwa mzito kuliko unavyotarajia, baridi mkononi, na ukigongwa taratibu kwa ukucha unalia kama kigae. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa mwaka juzi ni mwepesi, na sauti yake ni ya kufifia. Rangi isikuongoze hata kidogo. Tope jeusi linaweza kuusawijisha mfupa mpya kwa muda mfupi tu ukaonekana wa kale, na vipo visukuku vyeupe pe. Najua wapo wataalamu wanaogusa mfupa kwa ncha ya ulimi kuona kama unanata, kwa sababu vitundu hunyonya mate. Watoto wangu nimewakataza. Maji ya mto yale yametoka bara na uchafu wa miji.

Meno husema zaidi kuliko mifupa, kwa kuwa enameli, lile ganda la nje la jino, ni ngumu na hudumu. Jino la mamba ni koni, mara nyingi tupu ndani, lenye ukingo mwembamba pande mbili. Mamba hubadilisha meno maisha yake yote, kwa hiyo kuokota moja hakumaanishi kuna mamba mzima amezikwa hapo. Jino la kutafunia la tembo ni mabamba yaliyosimama bega kwa bega, na yakiachana, bamba moja humchanganya hata mtu mzoefu. Sabaki mpaka leo ina mamba na viboko, kwa hiyo la kwanza kujiuliza ni kama jino hilo si la juzi.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Nilimkuta amechuchumaa kando ya kile kitu kama mlinzi. Tulikipiga picha kwanza, kilipo, na sarafu ya shilingi ishirini kando yake ili ukubwa wake ujulikane. Ndipo tukakiinua. Pembe zote zilikuwa zimelainika. Ubavuni kulikuwa na mistari myembamba iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, kama nyuzi za ubao wa mvule kabla haujapigwa randa. Kwenye ncha iliyovunjika hapakuwa na mkate wa kumimina. Palikuwa na mipinde iliyofuatana, mmoja ndani ya mwingine, membamba kiasi kwamba bila kioo ungeiona kivuli tu. Kando yake kulikuwa na kibanzi kidogo cha jiwe lile lile. Nikampa kisu akikwaruze kibanzi hicho, si kile kitu chenyewe. Kisu hakikuacha mchubuko; kilichobaki juu ya jiwe ni mstari wa kijivu, chuma cha kisu kilicholika. Tukakidondoshea tone la ndimu, halikutoa povu kama ambavyo tumbawe lingetoa.

"Si mfupa," nikamwambia. "Ni mti. Maji yenye madini yaliingia ndani yake chembe kwa chembe, mti ukaondoka, umbo likabaki."

Uso wake ulishuka. Nikamweleza kwamba kama kimetoka kwenye mawe ya Duruma, kama ninavyoamini, basi mti huo ulisimama kabla hujakuwako mnazi, mkoko wala ua lolote duniani. Alikishika tena, safari hii kwa mikono miwili.

Nilimsimulia pia habari za Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho ambalo dunia nzima ya wasomi iliheshimu. Mwaka 1984 alikuwa akitembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, penye kokoto nyeusi kila mahali. Akaona kipande kidogo cheusi, si kikubwa kuliko kiberiti, akajua kwamba ni fuvu. Kutoka hapo ikapatikana mifupa karibu yote ya mvulana aliyeishi takribani miaka milioni moja na nusu iliyopita. Fikiria kama angekitia mfukoni kile kipande akaenda zake.

Na huku kwetu Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, alipatikana mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa takribani miaka 78,000 iliyopita. Wataalamu walimwita Mtoto. Mifupa yake ilikuwa imeoza hata ikawa kama unga, ukiigusa inaporomoka. Kwa hiyo hawakuivuta kutoka ardhini. Waliukata udongo wote uliomshika, wakaufunika kwa plasta, ukasafirishwa kama bonge moja na kufunguliwa maabara. Ndipo wakaweza kuona kwamba alilazwa kwa ubavu, amekunjwa magoti, na kwamba kichwa chake huenda kiliwekewa mto wa kulalia. Mtu mwenye brashi na sabuni kama mimi angeyafuta matunzo yote yale kwa dakika kumi.

Sheria nayo uijue, maana watu wengi hawaijui. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua kitu cha aina hii atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, yaani makumbusho ya taifa, ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na namna alivyokiona. Kwenda kutafuta kwa makusudi na kuchimba kunahitaji leseni. Kutembea ukingoni ukaona kitu ni jambo jingine, lakini kukiuza si haki yako, hata mtalii akikutolea noti ngapi. Wamijikenda wanaujua uchungu huu: vigango vya wazee wao, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka waliokufa, viling'olewa pale viliposimikwa, vikauzwa, na vingine vikaja kuonekana katika makumbusho za Marekani.

Kama kitu kimo ndani ya ukingo, kiache humo, hata ukiogopa mvua. Piga picha ya karibu yenye sarafu, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha ukingo wote na mti au daraja la kukumbukia. Bonyeza mahali ulipo kwenye ramani ya simu mpaka zitokee namba, uzinakili. Kama kimelala huru kwenye changarawe na maji yanapanda, kichukue baada ya hizo picha, kikavu na tope lake, ukifunge kwa gazeti, uandike juu yake tarehe na mahali. Mifupa ikielekea kuwa ya binadamu, usiguse kitu, mpigie chifu au polisi.

Usiende peke yako. Viboko huwa nje ya maji usiku na alfajiri, kwa hiyo subiri jua lipande. Na usiingie chini ya ukingo uliotobolewa na maji, hata ukiona kitu kinameremeta humo. Udongo ule huanguka bila kutoa onyo.

Kile kipande cha mti tulikipeleka makumbusho hapa mjini siku ya tatu. Mpwa wangu aliijaza karatasi mwenyewe, kwa mwandiko wake wa shule: tarehe, saa, namba za ramani, ukingo wa kaskazini, juu ya changarawe, hatua sita kutoka majini, pembe zimelainika, hakuna kitu kingine cha namna hiyo karibu ila kibanzi kimoja. Nafasi haikumtosha. Akaomba karatasi ya pili.